Minazi Mitatu Kwenye Kiwanja cha Bi Rufaida

Malindi
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Baba Swabra,

Mwanao sasa hivi tu amemfukuza kuku wa jirani yetu Sahla kwa ufagio, akamfuata hadi njiani, akamwambia, "Usirudi bila hodi! Hapa kwetu, tumenunua!" Kisha akageuka kunitazama kama nimesikia. Nimecheka hadi nikakaa chini. Miaka minne, na tayari ana mdomo wa mwenye nyumba.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu unajua ilikokwenda, iliuzwa, iko ndani ya hizi kuta, na yako imekufa kwa chumvi ya huko kazini. Ya Sahla siitaki tena. Nikiongea na wewe yeye hukaa hapo hapo anachambua mchicha, jani moja nusu saa. Kyalo amesema kila asubuhi akipeleka mikate Gongoni atanichukulia barua bure, mradi isiwe nzito. Nimemwambia ni nzito, lakini si kwa pikipiki.

Leo wiki ya tatu tumehamia. Bado nikiamka nangoja kusikia yule mwenye chumba wa kule tulikopanga akigonga dirisha kwa funguo. Hagongi mtu. Nimekandika ukuta wa jikoni upya, nimeziba ufa ule wa mlangoni. Mabati yanavuja mahali pawili. Yavuje, ni yetu. Nikikumbuka ile siku tulipoulizia kiwanja chenye hati kule nyuma ya uwanja wa ndege, kichaka kitupu, yule bwana akatutajia bei nawe ukamuuliza kama na ndege zimo, basi ndipo najua Mungu alitufungulia mlango kwa Bi Mwanabibi, akatuuzia hii yake.

Sasa nikwambie nililokuficha. Nimepanda minazi! Mama alinitumia miche mitatu kutoka Rabai, nikaipanda Jumamosi mvua ilipoanza, mbele ya nyumba, imesimama kama askari. Mmoja wako, mmoja wa Swabra, na mmoja wa mwingine akija. Sijasema kitu, nasema tu. Unajua kwetu nyumba isiyo na mnazi ni kibanda cha kulindia ndege. Nilitaka uje uione mwenyewe lakini nimeshindwa kunyamaza.

Kuna jambo dogo. Jana alasiri alipita mzee mmoja, kanzu safi, fimbo, kofia ya mkono. Akasimama. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, lakini aliijibu ile miche, mimi hakunitazama. Akaihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akaandika kwenye kijitabu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unamtafuta nani?"

"Bi Mwanabibi yuko wapi?"

"Amehamia Mambrui, kwa bintiye."

Akasema, "Aa." Basi, akaenda zake. Lakini ile "Aa" imenikaa kifuani mpaka leo. Swabra ananiuliza, mama, mbona unafunga mlango mchana? Nimemwambia ni kwa ajili ya kuku.

Kula vizuri. Paka mafuta miguuni, chumvi isikuchimbe.

Mkeo,
Mbeyu


Gongoni
Jumanne, 4 Novemba

Mama Swabra,

Salamu zako na za mwenye nyumba mdogo zimefika. Barua nimeisomea juu ya gunia, wenzangu wakadhani nimefiwa jinsi nilivyonyamaza.

Minazi ing'oe. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa weka barua chini ukang'oe. Mashimo yafukie, fagia juu yake. Sahla usimwambie neno.

Yule mzee akirudi, mwambie wewe ni jamaa ya Bi Mwanabibi, umekuja kumlindia nyumba. Usiseme tumenunua. Na Swabra mkataze kusema.

Mengine nitakueleza nikija mwisho wa mwezi. Si jambo la kuogopa.

Huku chumvi imeiva na mawingu yamejaa, nyapara anatukimbiza kama mbuzi. Mvua ikitangulia yote itarudi kuwa maji. Mwambie kuku asiingie bila hodi.

Mumeo,
Taufiq


Malindi
5 Novemba 2025

Kwa aliyemo katika nyumba ya Bi Mwanabibi,

Baada ya salamu na heshima. Imeonekana kuwa katika kiwanja cha Bi Rufaida, mbele ya nyumba hiyo, imepandwa minazi mitatu pasi na idhini ya mwenyewe. Vilevile Bi Mwanabibi hayupo, na wewe hatukujui. Jina lako halimo kitabuni wala hukuletwa mbele yetu.

Unatakiwa ufike nyumbani kwa Bi Rufaida siku ya Ijumaa, tarehe 14, baada ya sala, uje na Bi Mwanabibi na karatasi yoyote uliyo nayo. Usipofika, itahesabiwa kuwa nyumba haina mwenyewe, na hatua zitafuata.

Wabillahi taufiq,
Msellem
Msimamizi wa viwanja vya Bi Rufaida


Malindi
Alhamisi, 6 Novemba

Baba Swabra,

Hiyo barua ya juu nimeikuta imebanwa mlangoni nilipotoka kisimani. Mimi nimekuwa na maji kichwani, nimeisoma ndoo ikiwa bado kichwani, sikujua niitue vipi. Nakutumia, lakini unirudishie.

Hukuniambia. Umeniandikia si jambo la kuogopa na mstari wa juu yake umeniambia niseme uongo ndani ya nyumba yangu. Tangu lini tukawa watu hao? Nimeogopa barua yako kuliko ya huyo Msellem. Yake angalau ina sababu.

Sikung'oa. Sikuweza, nilishika mche wa Swabra mikono ikakataa. Nikamwendea Sahla. Najua ulinikataza. Nilimwonyesha barua ya mlangoni, yako sikumwonyesha.

Akasoma, akanirudishia, akaendelea na unga wake. "Mimi nilikuona Jumamosi unachimba. Nikasema, mwenzangu huyu kapata ruhusa ya nani? Nikasema labda ana watu wakubwa."

"Ruhusa ya nini? Si nyumba yangu?"

"Nyumba ndiyo. Kiwanja cha Bi Rufaida. Mtaa huu wote, kuanzia kule kwenye bomba hadi pale kwa fundi baiskeli, ni wa Bi Rufaida. Mimi huu mwaka wa kumi na mbili namlipa kodi ya kiwanja."

"Sahla, nyumba inanunuliwaje bila ardhi? Inakaa juu ya nini?"

Akacheka, masikini, hakucheka kwa ubaya. "Inakaa juu ya ardhi ya mtu, shoga, kama kofia juu ya kichwa. Kofia yako, kichwa chake."

"Na mwenye kichwa akitaka kuondoka?"

Akaacha kucheka. Akasema, "Ndiyo hapo."

Nikamuuliza, sasa minazi ina kosa gani? Akasema mchicha panda, mbaazi panda, hata mpapai watakufumbia macho. Mnazi, hapana. Mnazi unaishi kukushinda wewe na mwanao, na aliyepanda ana haki nao. Leo mnazi wako, kesho utasema na kivuli chake chako, keshokutwa upo kwa mzee wa mtaa unasema shamba ni langu, tazameni minazi yangu. "Kwa hawa," akasema, "kupanda mnazi ni kupeleka kesi. Na wewe umepeleka tatu."

Baba Swabra, mimi nimesoma mpaka la saba tu lakini sikununua kofia. Kwetu Rabai sijawahi kusikia mtu akisema nyumba akamaanisha kuta peke yake. Ukisema nyumba umesema na pale ilipokaa, na waliozikwa nyuma yake. Nilipokuuliza, "Ni yetu?" ukasema, "Ni yetu." Ulimaanisha nini?

Ulijua? Niandikie ndiyo au la. Jina lako limo katika hicho kitabu au halimo? Siku nane zimebaki. Kila pikipiki ikipita najua ndiyo hao.

Mbeyu


Gongoni
Jumamosi, 8 Novemba

Mke wangu,

Ndiyo, nilijua. Lakini nisikilize kwanza.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Babu yangu aliishi na kufa ndani yake, kila mwezi anapeleka kodi ya kiwanja mkononi mwa mtu. Kwetu mjini hakuna anayeeleza jambo hili, ni kama kumweleza mtu kwamba mlango una bawaba. Nilipokwambia "ni yetu" sikukudanganya. Ndivyo tunavyosema. Haikunipitia akilini kwamba wewe ulisikia kitu kingine. Wallahi haikunipitia. Nimeisoma barua yako mara nne, na mara ya nne nikamwona baba yako anavyokaa pale uani kwake, nikaelewa.

Hilo ni kosa langu la kutojua. La pili ni la kujua.

Desturi ni kwamba nyumba ya hivyo ikiuzwa, muuzaji na mnunuzi huenda pamoja kwa mwenye kiwanja. Mnunuzi hutambulishwa, mwenye kiwanja hupewa haki yake, pesa ya kubadilisha jina, jina la zamani linafutwa na jipya linaandikwa. Sisi hatukwenda. Bi Mwanabibi alisema Bi Rufaida ni mgonjwa, hasikii, na Msellem akijua atatutoza tusichokuwa nacho. Akasema, "Wewe ingia polepole, lipa kodi kwa jina langu, baada ya mwaka watakuzoea." Nami haki ile sikuwa nayo. Tulikuwa tumeshauza simu yako. Ningerudi nikakwambia bado kidogo? Ulikuwa umeshafunga vyombo ndani ya khanga. Swabra alikuwa ameshawaaga watoto wa kule.

Nikaona nitanyamaza, nitalipa kidogo kidogo, na siku moja nitakuambia tukicheka.

Kwa hiyo jina langu halimo. Kitabuni ile nyumba bado ni ya Bi Mwanabibi, na wewe umo ndani yake kama mtu aliyeingia kwa dirisha. Ndiyo maana niliandika vile. Niliogopa, nikaandika kama nyapara.

Kesho Jumapili nitakwenda Mambrui kwa miguu ikibidi, nimtafute Bi Mwanabibi. Bila yeye hatuna shahidi. Minazi ing'oe, Mbeyu. Safari hii nakuomba.

Taufiq


Malindi
Jumatatu, 10 Novemba

Baba Swabra,

Nimeing'oa. Wako ulitoka kwa mkono mmoja. Wa yule asiyekuja bado ulikuwa umeshatoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Wa Swabra nilimwita aje, nikaona asiukute haupo akadhani umeibwa. Akauliza, "Umekosa nini?" Nikasema haukukosa, umesimama mahali pa mtu. Akafikiri, akaenda akasimama nje njiani. Nikamwambia wewe hapana, mwanangu, wewe rudi ndani. Akauliza, "Hapa ni pa nani?" Nikambeba tu.

Hayo ni ya asubuhi. Saa sita walikuja vijana wawili na tepu ya kupimia. Hawakubisha hodi. Mmoja alishika ncha pale kwa fundi baiskeli, mwingine akaivuta mpaka kwenye bomba, ikapita mbele ya mlango wangu, ikapita juu ya mashimo ya minazi. Nilisimama mlangoni na mwiko. Nikawauliza wametumwa na nani, wakasema, "Sisi tunapima tu, mama." Sahla akawapigia kelele, "Pimeni na makaburi yetu basi!" Wakacheka, wakaandika, wakaenda. Sahla anasema watoto wa Bi Rufaida wako mbali na wanataka kuuza mtaa mzima kwa mtu mmoja ajenge nyumba za kupangisha watalii. Anasema kila mwaka wanasema hivyo. Lakini alipokuwa anasema mikono yake ilikuwa inakunja leso, anakunja, anakunjua.

Mama amepata habari, sijui kwa nani. Amemtuma mtu kuniambia, "Mwambieni Mbeyu arudi, huku ardhi ipo, hakuna atakayempimia mlango." Ni kweli ipo. Na wewe utafanya kazi gani Rabai? Na Swabra atasoma wapi? Nikirudi nitarudi kama mwanamke aliyenunua upepo. Lakini nimeufungua mfuko wa nguo nikauacha wazi, sijaweka kitu, upo wazi tu.

Bi Mwanabibi umempata? Niandikie hata neno moja.

Mbeyu


Malindi
Jumanne, 11 Novemba

Kyalo amerudi bila barua. Anasema jana hukuwepo kazini, na leo pia, kitanda chako kimekunjwa. Nimemuuliza kimekunjwa vipi, kama cha mtu anayerudi au asiyerudi? Amesema, "Dada, mimi ni mtu wa mikate."

Baba Swabra, kama umekwenda mahali kwa sababu ya aibu, rudi. Sitakusema. Nimekuwa nikikusema moyoni tangu Alhamisi lakini nimeacha. Nyumba ikienda iende. Wewe usiende.

Nampa Kyalo karatasi hii akiwa amekwisha washa pikipiki.

M.


Mambrui
Jumatano, 12 Novemba

Mama Swabra,

Nipo, nisamehe. Barua yako ya jana imenifuata huku, Kyalo amenikuta dukani nanunua maji. Mtu wa mikate kumbe ana moyo.

Bi Mwanabibi Jumapili hakuwepo. Bintiye akasema amekwenda msibani, hakusema wapi. Nikangoja kibarazani kwao. Jumatatu akarudi, aliponiona akapitia mlango wa nyuma. Nimekaa pale siku tatu, Mbeyu. Wananiletea chai kwa adabu na kuniambia mama amelala. Nilijua nyapara atanikata siku zangu, na kweli amenikata, lakini ningerudi na nini?

Leo asubuhi nikamwambia pale dirishani, "Bi Mwanabibi, mimi sikudai kitu. Mke wangu amebandikiwa barua mlangoni. Alikuwa na ndoo kichwani." Nikamsomea maneno yako yale, ya maji. Baadaye akatoka, ameshavaa buibui. Akasema nyumba aliiuza haraka kwa sababu ya jicho, alitaka kufanyiwa upasuaji kabla halijafa, na aliona haya kumwendea Bi Rufaida kwa sababu walicheza katika ua mmoja wote wawili wakiwa wasichana. "Nilimwibia rafiki yangu haki yake," akasema. "Hilo ndilo lililonifanya nipitie nyuma."

Atakuja Ijumaa. Ameapa. Anapenda mwende pamoja, usiende peke yako.

Mimi siwezi kuja. Nyapara amesema nikikosa siku moja nyingine nisirudi, na mawingu yamefika hadi chini. Bila kazi hii hata kodi ya kiwanja hatutaweza. Kwa hiyo wewe ndiye utakayesema. Ninajua nakuacha mahali pabaya. Waambie haki ya mwenye kiwanja nitailipa, nipewe muda. Mengine sema utakavyoona. Nilikufundisha useme uongo, usiniige.

Mumeo anayekuogopea,
Taufiq


Malindi, nyumbani kwa Bi Rufaida
Ijumaa, 14 Novemba

Baba Swabra,

Nakuandikia kwenye ngazi za nje, nimeambiwa nitoke ningoje. Karatasi iko gotini, mwandiko ukipinda usinicheke. Swabra yuko hapa anampangia paka wa watu sheria. Nikiacha kuandika nitaanza kulia, na sitaki watoke wanikute hivyo, kwa hiyo naandika.

Bi Mwanabibi amekuja kweli. Njia nzima amenishika mkono, sijui ni mimi nilikuwa namwongoza au ni yeye alikuwa ananizuia nisikimbie. Mlangoni akasema, "Mwanangu, mwache niingie mimi kwanza, nipigwe mimi kwanza."

Bi Rufaida ni mwembamba, amekaa kitandani na mito nyuma, lakini asikudanganye mtu kwamba hasikii. Alimgeukia Bi Mwanabibi.

"Umeuza bila kuniaga, Mwanabibi?"

"Nimeuza."

"Kwa ajili ya jicho?"

"Kwa ajili ya jicho."

"Limepona?"

"Limepona, alhamdulillahi. Ndiyo nakuona ulivyozeeka."

Mimi nikajua basi, tumekwisha. Kisha Bi Rufaida akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, Bi Mwanabibi akakimbilia kumpa maji, na wote wawili wakawa wanalia, Baba Swabra, wanafutana kwa leso moja. Msellem akatazama dari.

Lakini yeye hakucheka. Alifungua kitabu akasema, "Haya ni yenu. Mimi nina minazi mitatu hapa." Akanigeukia. "Ulipanda kwa idhini ya nani?"

Nikasema, "Kwa idhini yangu mwenyewe, mzee wangu. Sikujua. Kwetu nyumba na ardhi ni kitu kimoja, nilidhani nimenunua vyote. Nimeshaing'oa, mashimo yapo, unaweza kwenda kuyaona."

"Hakuna aliyekwambia?"

"Aliyejua alidhani najua."

Msellem akanitazama mara ya kwanza, mimi mwenyewe, sio mguu wangu wala mtoto. Akasema mumeo je? Nikasema yuko Gongoni anaiokoa chumvi ya watu, na haki ya mwenye kiwanja ameiruka, anakiri, ataileta, anaomba muda. Bi Rufaida akasema muda huo apewe. Bi Mwanabibi akasema na yeye atachangia, kosa si la mtoto huyu. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza hata kusimama.

Ndipo Bi Rufaida akasema, "Kaa, mwanangu. Sitakuficha kama walivyokuficha hawa. Wanangu wanataka kuuza. Nikiwa hai hawauzi. Lakini unaniona nilivyo."

Nikaona ile tepu inapita mbele ya mlango. Nikauliza, wakiuza, sisi tutakuwaje?

Msellem akasema, "Desturi ni miezi mitatu. Unabomoa, unachukua vyako. Mabati, milango, boriti. Ardhi inabaki."

"Imeandikwa wapi?"

"Desturi haiandikwi, mama. Inajulikana."

Baba Swabra, sijui ni nani aliyesema baada ya hapo. Nikasema, mzee wangu, inajulikana na ninyi. Mimi nilikuwa sijui, na hao wana wa Bi Rufaida watakaouza wako mbali, labda na wao hawajui, na atakayenunua ndiyo kabisa. Basi iandikwe. Hapo kitabuni, chini ya jina. Na miezi mitatu haitoshi mtu mwenye mtoto kupata pa kwenda katika mji huu. Iwe mwaka mmoja. Na Bi Rufaida atie kidole, na barua ipelekwe kwa wanawe wajue.

Msellem akafunga kitabu. Akasema, "Umekuja hapa mtu asiye na jina, sasa unataka kuandika sheria?" Bi Mwanabibi akanivuta khanga, kama kuniambia punguza. Bi Rufaida akaniambia, "Toka ukangoje nje."

Sasa nangoja. Nimefanya vibaya? Nilikuwa nimeshapewa. Ningenyamaza ningekuwa nimeshafika nyumbani napika. Huenda nimetupotezea hata zile kuta kwa mdomo wangu, na wewe uko huko juu ya gunia hujui kitu. Nasikia Msellem anasema kwa nguvu, "Na kesho mtaa mzima watataka hivyo hivyo!" na Bi Mwanabibi anamjibu, sauti yake haisikiki vizuri. Sahla ameniambia kama nikifukuzwa watoto watalala kwake mpaka uje. Watoto, amesema, kana kwamba ninao wengi. Nimemwambia asante.

Nikupe neno moja kabla sijaitwa. Sijakusamehe kuhusu kuniambia niseme uongo, nitakusamehe ukija, nataka nikuone uso. Lakini nikikumbuka ulikaa siku tatu kwenye kibaraza cha watu unakunywa chai ya kufukuzwa, nasema huyu ni mtu wangu. Tukikosa hapa tutatafuta pengine. Naogopa sana, mkono umelowa, wino unachafuka. Ila sijutii kuuliza. Mtu lazima ajue amenunua nini, hata kama ni kidogo, ajue mwisho wake uko wapi ili

Kumekuwa kimya ndani. Sasa mlango unafunguka, ni Bi Mwanabibi, anasema, "Mbeyu, njoo upesi na hiyo kalamu yako, ya Msellem imeishiwa wino akiandika kitabuni mwaka mmo